Ukitaka kuacha piko na kurudia nywele zako za asili

Mtu aliyepaka piko kichwani au kwenye ndevu kwa miaka, siku akiamua kuacha, swali lake la kwanza huwa: nipake nini itoke? Jibu ni kwamba hakuna cha kupaka kitakachozirudishia nywele hizo rangi yake ya asili. Na kukitafuta ndiko kunakowaunguza watu vichwa.

Piko na rangi nyingi za dukani zenye kudumu zina kemikali iitwayo parafenelinidiamini, ambayo kwenye pakiti huandikwa kwa kifupi PPD. Rangi za dukani huchanganywa na dawa ya haidrojeni peroksaidi, na magamba ya unywele hufunguka. Chembe ndogo za rangi hupenya ndani, huungana humo na kuwa kubwa, zisiweze tena kutoka kwa kuoshwa. Dawa hiyohiyo hufifisha na rangi uliyoumbwa nayo. Unywele uliokwishatoka nje ya ngozi hauna uhai, hivyo hauwezi kujitengenezea rangi upya. Kilicho hai ni shina lake lililo ndani ya ngozi, na humo ndimo rangi yako halisi inamotoka, iwe nyeusi au mvi.

Kwa hiyo njia salama ni kuacha kupaka na kusubiri. Nywele hukua kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi. Mwanamme kwake ni jepesi: akinyoa kichwa amemaliza, na wengi wanaorudi Hijja au Umra wamekwishanyoa tayari. Ndevu hatuzinyoi, basi avumilie miezi kadhaa ya ndevu za rangi mbili, weupe chini na weusi nchani. Mwanamke mwenye nywele za kufika mabegani atahitaji kama miaka miwili, huku akikata ncha kidogo kidogo. Akitoka nje mtandio unamsitiri, na nyumbani mume aelezwe mapema ili asishangae.

Wapo wasioweza kusubiri. Hawa ndio wanaokimbilia jiki, sabuni ya unga au magadi na ndimu. Jiki ni dawa ya kung'arishia nguo; kichwani huunguza ngozi na kukata nywele, na ikichanganywa na siki au ndimu hutoa hewa ya sumu ya klorini. Dawa za saluni za kupausha nywele nazo zina hatari yake. Baadhi ya rangi, na hata baadhi ya unga unaouzwa kwa jina la hina, huwa na chumvi za madini. Peroksaidi ikikutana nazo nywele huweza kupata moto na kukatika. Usikubali kupaushwa iwapo hujui ulichopakwa kabla, wala kabla kichwa hakijapumzika kutokana na dawa ya kulainisha nywele. Mafuta ya nazi kabla ya kuosha yatapunguza ukavu, rangi hayaiondoi.

Anayetaka kupunguza tofauti ya rangi anaweza kutumia hina safi. Hiyo ni unga wa majani, wenye rangi ya kijani, na huacha wekundu. Hina safi haitoi weusi; ukiambiwa "hina nyeusi", ujue imetiwa kitu, na mara nyingi kitu hicho ni PPD ileile. Na ujue kuwa hina nayo haifutiki kirahisi.

Kwa upande wa dini, siku ya ufunguzi wa Makka, mwaka wa 8 Hijria, aliletwa Abu Quhafa, baba yake Abubakar (r.a), kichwa na ndevu zikiwa nyeupe kabisa. Mtume (s.a.w) aliamrisha weupe ule ubadilishwe na weusi uepukwe, kama alivyopokea Imam Muslim. Wapo wanazuoni walioona weusi ni makruhu, na Imam Nawawi katika madhehebu ya Shafi ameona sahihi ni kuwa ni haramu. Baadhi ya wanaoacha hufikiri watang'oa mvi moja moja zinapochomoza. Hilo nalo limekatazwa.

Wengine huuliza kama josho linasihi wakati rangi bado imo. Rangi iliyozama ndani ya unywele haizuii maji. Kinachozuia ni tabaka lililoganda juu yake. Hilo lioshwe kwanza.

Ama aliyeacha kwa sababu piko lilimwasha, huyo asijaribu tena hata kidogo. Mwili ukishaikataa PPD, kwa kawaida huikataa maisha yote, na mara ya pili huweza kuwa mbaya kuliko ya kwanza. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu PPD izidi asilimia 2 katika rangi inayopakwa kichwani, wala haziiruhusu kupakwa kwenye ngozi kabisa. Sisi tunawachora nayo maharusi mikono na miguu!

Ukiona malengelenge, kope kuvimba au ngozi ya kichwa kutoa majimaji, osha kwa maji mengi na sabuni laini, kisha nenda hospitali. Uso au koo likivimba, au pumzi ikibana, usingoje asubuhi. Fanya haraka vivyo hivyo mtoto akilamba unga wa piko, kwani huvimbisha koo na kuharibu figo. Nenda na pakiti yake ili daktari aone kilichomo.