Storm, Binti wa Kenya, na Nguo Alizovishwa

Ukiwauliza wanafunzi wa Kibarani wakutajie shujaa wa katuni, utaambiwa Superman, Batman na Spider-Man, manake hao ndio waliojaa kwenye fulana za mitumba za Kongowea. Wachache watamtaja Storm. Na katika hao wachache, sijui ni wangapi wanaojua kwamba mamake Storm ni Mkenya. Ndiyo, Mkenya! Nia yangu katika makala haya ni kueleza jinsi mavazi na rangi zake zilivyobadilika tangu 1975, na ni nani hasa aliyekuwa akizibadilisha.

Storm alitokea mara ya kwanza mwaka wa 1975 katika kitabu cha Giant-Size X-Men nambari 1, kilichotolewa na kampuni ya Marvel ya Marekani. Mtunzi alikuwa Len Wein na mchoraji Dave Cockrum. Katika hadithi jina lake ni Ororo Munroe. Babake ni mpiga picha Mmarekani, na mamake ni binti mfalme wa Kenya aitwaye N'Dare (jina ambalo mimi sijalisikia Pwani wala bara, lakini tuwawie radhi). Wazazi wanafia Cairo, mtoto anakua akiiba mifukoni mwa watu, kisha anatembea kwa miguu mpaka huku kwetu. Uwezo wake ni kuamrisha mvua, upepo na radi.

Sasa hebu tutazame nguo. Katika ukurasa anaoonekana Kenya kwa mara ya kwanza, watu wanamwabudu kama mungu wa mvua, naye amejifunga kitambaa kiunoni, na kifua kimefunikwa na nywele. Basi! Nguo ya maana anaipata baada ya kuchukuliwa kwenda Marekani. Hapo nilikasirika. Mwaka huo wa 1975 bibi zetu walikuwa wakijifunga leso mbili mbili, na mchoraji angeuliza angeambiwa.

Vazi aliloshonewa huko lilikuwa jeusi lenye kingo za manjano, pamoja na taji kichwani na joho refu (nasema vazi, si jina la mtu). Hata hilo halikuwa lake. Cockrum alikuwa amebuni msichana mwingine aitwaye Black Cat, mwenye nguvu za paka. Lakini mashujaa wa kike wa namna ya paka walikuwa wameshazidi, kwa hivyo umbo lake likachukuliwa, likaongezwa joho na nywele nyeupe. Nguvu za hali ya hewa nazo zilitolewa kwa mhusika wa kiume aliyeitwa Typhoon. Kwa ufupi, Storm alizaliwa na mtumba.

Tuje kwenye rangi, ambapo wengi hawafikirii. Vitabu vile vilipigwa chapa kwa wino wa aina nne tu: samawati, waridi iliyokolea, manjano na nyeusi. Rangi nyingine zote zilitokana na vitone vidogo vidogo vya wino huo. Ukitaka kijani, unaweka vitone vya manjano na vya samawati pamoja. Aliyepaka rangi kitabu cha kwanza alikuwa Glynis Wein, na kazi yake haikuwa rahisi, kwa sababu karatasi ilikuwa duni kama ya gazeti, inanyonya wino. Ngozi ya mtu mweusi ilihitaji wino wa aina tatu kwa pamoja. Ukizidi kidogo inakuwa tope, ukipungua inakuwa kijivu. Na nguo nyeusi isipowekewa mng'aro wa samawati, mikunjo haionekani, ndiyo maana ukitazama haraka utadhani Storm kavaa buluu.

Anayetaka kuelewa jambo hili aende Biashara Street akatazame leso. Kila rangi hupigwa peke yake, na moja ikihama kidogo tu, pindo linakuwa na kivuli. Mama yangu huikunjua leso yote kabla hajalipa.

Mwaka wa 1983, mchoraji Paul Smith alimnyoa Storm kiduku na kumvisha kizibao cha ngozi. Inasemekana mwanzo ulikuwa mzaha. Katika hadithi, rafiki yake mdogo Kitty alipomwona alikimbia akilia! Mwaka uliofuata Storm akapoteza nguvu zake, akawa anavaa nguo za kawaida kama mimi na wewe. Mapema 1986, bila nguvu yoyote, alimshinda Cyclops katika shindano la nani awe kiongozi. Kwangu mimi huyo ndiye Storm bora kuliko wote, na hakuwa na joho.

Katuni ya televisheni ya 1992 ilimvisha nyeupe tupu. Filamu ya mwaka wa 2000 ikamvisha Halle Berry ngozi nyeusi, sawa na wenzake wote, kama sare ya shule. Mwaka wa 2006, vitabuni, Storm aliolewa na Black Panther, mfalme wa Wakanda, naye akavaa gauni jeupe. Bibi harusi wa huku angekuwa na kisutu.

Ajabu ni kwamba Kenya iliingia kwenye mavazi ya Marvel bila Storm. Katika filamu ya Black Panther ya 2018, mshoni mkuu Ruth E. Carter aliwavisha walinzi wa mfalme wekundu na shanga alizojifunza kwa Wamaasai. Mwaka wa 2019 akapata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Kumbe inawezekana! Lakini katuni ya X-Men '97 ya mwaka wa 2024 ilianza na Storm wa nguo nyeupe, na nguvu zilipomrudia akavaa tena nyeusi. Leso hakuna.

Katika chama chetu tumeanza kumchora wa kwetu. Tumekubaliana avae kisutu, chekundu, cheusi na cheupe, na nywele zibaki nyeupe. Ubishi uliobaki ni wa joho. Wavulana wanataka libaki. Wasichana tunasema leso ya pili yatosha, kwani ukiikunjua kwenye upepo wa Makupa inapaa vile vile. Jina la kuandikwa kwenye leso hiyo bado hatujapata, kwa hivyo mwenye nalo amletee katibu.