Elimu ya ndege yafaa watu wazima wa Gusii

WAHENGA walinena kuwa udongo uwahi ungali maji. Pengine hii ndiyo sababu elimu ya mazingira nchini imeelekezwa zaidi kwa watoto, hasa kupitia vyama vya wanyamapori vya shuleni vilivyoanzishwa mwaka 1968.

Hata hivyo, mtoto hamiliki ardhi. Anayeamua iwapo kinamasi kitakaushwa au kitaachwa ni mtu mzima, naye ndiye anayestahili kufunzwa kuwatambua ndege kabla hawajatoweka.

Suala hili lina uzito wa pekee katika kaunti za Kisii na Nyamira. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kisii ilikuwa na zaidi ya watu 950 katika kila kilomita mraba, ilhali Nyamira ilikuwa na zaidi ya 650. Ardhi ya vilimani ilipojaa, wakulima waliteremka mabondeni. Vinamasi vingi vimechimbwa mitaro vikapandwa mboga na mikaratusi, na vingine vimegeuzwa machimbo ya udongo wa matofali.

Mnamo 2009, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliamuru mikaratusi iondolewe kwenye chemchemi na kingo za mito. Lakini amri pekee haiwezi kumfanya mkulima athamini kitu asichokijua.

Miongoni mwa wanaoumia ni korongo taji, ndege mrefu mwenye kishungi cha rangi ya dhahabu. Hujenga kiota chake kwa nyasi katikati ya kinamasi na kwa kawaida hutaga mayai 2 au 3. Maji yanayokizunguka kiota ndiyo ngome yake. Yakikauka, mbwa, ng'ombe na watu hukifikia kwa urahisi, na mayai au vifaranga huangamia. Mwaka 2012, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimworodhesha miongoni mwa viumbe walio hatarini kuangamia.

Je, mtu mzima afunzwe vipi? Mfano mzuri ulianzia Nairobi. Mwaka 1971, Fleur Ng'weno alianza kuongoza matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, kutoka Makavazi ya Kitaifa. Yaliendelea kwa miongo mingi na kuwavutia wataalamu pamoja na watu wasiojua jina la ndege hata mmoja. Hapakuwa na mtihani wala cheti.

Mbinu zenyewe si ngumu. Watu hukutana alfajiri au asubuhi, wakati ndege wana shughuli nyingi. Kiongozi huwafunza kusikiliza kabla ya kutazama, kwa kuwa sauti humfichua ndege aliye ndani ya majani. Kisha huangalia mdomo, miguu na namna anavyoruka. Mdomo wa chozi ni mrefu na umepinda ili afyonze maji matamu ya maua. Wa kwera ni mfupi na mnene ili avunje mbegu. Anayeelewa hayo huanza kujiuliza ndege huyo atakula nini na kulala wapi mahali hapo pakibadilika.

Gusii haina mbuga ya kitaifa, lakini maeneo ya kujifunzia hayako mbali. Mjini Kisumu kuna Hifadhi ya Impala, ambako baadhi ya wanyama hutunzwa vizimbani. Karibu nayo ni ufuo wa Dunga, ambako vijana wenyeji huwaongoza wageni kwa mashua kuwaona ndege wasioishi kwingine ila kwenye mafunjo. Katika kaunti jirani ya Homa Bay, mbuga ya Ruma hutembelewa na mbayuwayu wa buluu, ndege mhamaji aliye adimu.

Aidha, mtu anaweza kujifunza akiwa kwao. Mradi wa Kenya Bird Map umeigawa nchi katika vipande vya takribani kilomita 9 kwa 9. Mwananchi huorodhesha ndege wote anaowatambua katika kipande kimoja kwa angalau saa 2, na orodha yake huwasaidia watafiti kujua ni ndege gani wanaopungua na wapi.

Kikundi cha wakulima, cha kina mama au cha kanisa kinaweza kuanza kwa darubini moja, kitabu cha ndege na daftari. Faida ya kwanza itaonekana bondeni. Kabla ya kufyeka matete, mwenye shamba aliyefunzwa atachunguza kama kuna kiota. Akikipata, atajua kuwa vifaranga vya korongo taji huhitaji takribani miezi 2 hadi 3 kabla ya kuruka, na kwamba kuahirisha kazi kwa muda huo kunaweza kuokoa kizazi kizima cha jozi moja.