Mchoro wa Kurudia: Mlima Hanang kama Somo la Kuona

Mwanafunzi akiambiwa achore mlima, mara nyingi huchora pembetatu, hata kama mlima wenyewe huuona kila siku kutoka mlangoni mwa darasa. Mkono wake hufuata mazoea, jicho halikushauriwa. Makala haya yaeleza zoezi moja la sanaa linaloweza kuyavunja mazoea hayo. Mfano uliochukuliwa ni Gendabi, wilayani Hanang, penye Mlima Hanang wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400.

Dhana mbili

Dhana ya kwanza ni kuwakilisha, yaani kukifanya kitu kimoja kishike nafasi ya kingine. Mstari wa mkaa si mlima. Huitwa mlima kwa mapatano ya mchoraji na mtazamaji. Mwaka 1965, Joseph Kosuth wa Marekani alionyesha pamoja kiti, picha ya kiti hicho, na maana ya neno kiti kama ilivyo katika kamusi. Mtazamaji huachiwa swali: kipi katika vitatu hivyo ndicho kiti?

Dhana ya pili ni kurudia. Katika miamba ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, wachoraji wa kale walichora watu na wanyama, na wengine wakachora juu ya michoro iliyotangulia. Huko Japani, kuanzia mwaka 1830 hivi, Hokusai alitoa picha 36 za Mlima Fuji, kisha akaongeza 10. Mlima ni ule ule, lakini hakuna picha mbili zinazosema jambo moja. Basi kurudia si kunakili. Ni kutazama upya.

Uendeshaji wa somo

Vifaa ni mkaa, udongo mwekundu uliokorogwa kwa maji, majivu, gazeti kuukuu, na uji mzito wa unga badala ya gundi. Karatasi kubwa ikunjwe mara tatu ili ipate visanduku 8. Vipindi viwili vyatosha.

1. Kisanduku cha kwanza: mwanafunzi achore mlima kwa kumbukumbu, akiwa ndani ya darasa.
2. Cha pili na cha tatu: atoke nje, achore kwa mkaa, asubuhi na tena mchana, akiutazama mlima zaidi kuliko karatasi.
3. Cha nne na cha tano: apake udongo na majivu bila mstari wa ukingo, akitafuta penye kivuli na penye mwanga.
4. Cha sita: abandike vipande vya gazeti vilivyochanwa kwa mkono.
5. Cha saba: asichore, aandike jina la mlima tu, pamoja na neno la mlima katika lugha ya nyumbani, iwe Kiiraqw, Kidatoga au nyingine.
6. Cha nane: arudi darasani, achore tena kwa kumbukumbu.

Kisha alinganishe cha kwanza na cha nane. Tofauti iliyopo kati yake ndiyo elimu aliyoipata.

Kwa nini jambo hili ni zito

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na miti vilishuka hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi kikiwamo, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Katika pembetatu hamna korongo, wala kovu la ardhi iliyomeguka. Mtoto aliyezoezwa kutazama ataona mteremko ulivyo na maji yanakopita. Aliyezoea alama ataona alama tu.

Kwa sababu hiyo hiyo mwalimu awe na busara. Wamo wanafunzi waliofiwa. Asiyetaka kuchora mlima asilazimishwe. Achore mti, kibuyu au kigoda kwa hatua zile zile. Wala mchoro wa mtoto usitundikwe ukutani bila ridhaa yake.

Kupima

Mwalimu asitoe alama kwa uzuri wa picha. Aulize: ni kitu gani kimo katika kisanduku cha nane ambacho hakikuwamo katika cha kwanza? Na katika vyote 8, kipi ndicho mlima? Mwanafunzi akijibu kwamba hakuna hata kimoja, ila kila kimoja kimemwonyesha sehemu yake, somo limefaulu.