HATARI YA THELUJI MILIMANI

Sisi tukaao Kenya huitazama theluji kwa mbali, kileleni mwa Mlima Kenya, nayo huonekana kuwa kitu kilichotulia. Lakini huko Ulaya, katika milima ya Alps, theluji huua watu kila majira ya baridi. Katika majira ya baridi ya mwaka 1950 hadi 1951, watu 98 walikufa katika nchi ya Uswisi peke yake kwa maporomoko ya theluji.

Yafaa tueleze jinsi jambo hili litokeavyo. Theluji huanguka tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lina hali yake. Usiku wa baridi kali usio na mawingu, umande huganda juu ya theluji ukawa chembe zisizoshikana. Theluji mpya ikianguka juu yake, au ikiletwa na upepo, huwa kama ubao mzito uliolazwa juu ya punje za mahindi penye mteremko. Ubao huo waweza kukaa siku nyingi bila kusogea. Kisha mtu apitapo, uzito wake huvunja lile tabaka dhaifu, na theluji yote iliyo juu hukatika na kuporomoka. Hatari ni kubwa zaidi penye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, nao ndio wapendao watu kutelezea kwa mbao zao. Kwa hiyo wasafiri wengi wanaokufa huwa wameiangusha theluji hiyo wao wenyewe au wenzao.

Wenyeji wazijua dalili zake: maporomoko mapya yaonekanayo karibu, nyufa zikimbiazo mbele ya miguu, na mlio mzito kama wa ngoma chini ya theluji. Theluji nyingi mpya, upepo mkali au joto la ghafula pia ni onyo.

Wataalamu wa mji wa Davos, Uswisi, hutoa habari za hatari hiyo kwa watu wote. Tangu mwaka 1993 nchi za Ulaya hutumia daraja tano, ya tano ikiwa kubwa kuliko zote. Wengi wakisikia daraja ya tatu hudhani kwamba ni hatari ya kadiri tu, wakaenda. Na katika daraja hiyo hiyo watu wengi hufa.

Mtu aliyefunikwa hana muda. Theluji ikisimama hukaza kama saruji, wala hawezi kujichimbua. Akitolewa katika dakika 10 za kwanza, yaelekea atapona. Ikipita nusu saa, wengi huwa wamekwisha kufa kwa kukosa pumzi. Watu wa kijijini hawawezi kufika upesi hivyo. Wawezao kumwokoa ni wenzake waliopo. Ndiyo sababu kila msafiri huchukua vitu vitatu: chombo kidogo cha redio kitoacho ishara, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na sepetu. Tena penye hatari huvuka mmoja mmoja, wengine wakimwangalia.

Basi, msomaji uendaye Ulaya kwa masomo au kazi, ukialikwa mlimani, uliza kwanza: daraja ya leo ni ipi, na nani anajua kutumia vyombo hivyo? Usipojibiwa vizuri, baki kijijini.