Habasoda Ina Kipimo Chake

Ni nadra kutoka msikitini baada ya swala ya Ijumaa bila kukuta meza yenye chupa za mafuta ya habasoda. Waislamu twaipenda mbegu hii kwa ajili ya hadithi mashuhuri ya Abu Hurayra (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, inayoitaja kuwa ni shifaa ya kila maradhi ila mauti. Mapenzi hayo ni ya haki. Kinachotutia hofu ni wazee wetu wanaoacha vidonge vya kisukari na vya presha siku ile ile wanaponunua chupa.

Na tutazame kilichomo ndani ya mbegu. Zaidi ya robo ya uzito wake ni mafuta mazito, na sehemu yake kubwa ni asidi ya linoleiki, ambayo imo pia katika mafuta ya alizeti. Hicho ni chakula. Kinachowashughulisha zaidi watafiti kimo katika mafuta mepesi yarukayo hewani, yaipayo mbegu harufu yake kali, nayo kwa kawaida hayafiki hata sehemu tatu katika mia. Humo ndimo mtafiti wa Misri, El-Dakhakhny, alimotenga kemikali iitwayo thaimokwinoni mwaka 1963. Kemikali hii ya rangi ya manjano huharibiwa na mwanga na joto, na kiasi chake hutofautiana sana kwa kadiri ya ardhi ilikoota mbegu na namna mafuta yalivyokamuliwa. Basi mwenye kununua chupa ya kioo cheupe, iliyokaa juani tangu asubuhi na isiyo na maandishi, hajui amenunua nini.

Tafiti kadhaa ndogo zimeonyesha kuwa habasoda yaweza kushusha kidogo sukari na shinikizo la damu. Wapo walioifanya habari hii hoja ya kutupa vidonge. Sisi twaisoma kinyume: ikiwekwa mahali pa kidonge, "kidogo" hicho hakimtoshi mgonjwa, ikiongezwa juu ya kidonge, sukari yaweza kushuka kupita kiasi.

Wala wanazuoni hawakuiacha hadithi bila maelezo. Al-Khattabi alisema ni tamko la jumla lililokusudiwa mahususi. Tena Bukhari amepokea kisa cha Ibn Abi Atiq, alipomzuru Ghalib bin Abjar aliyekuwa mgonjwa, akaagiza zichukuliwe mbegu tano au saba, zisagwe, kisha zitiwe puani pamoja na matone ya mafuta. Tano au saba! Zilihesabiwa.

Kwa hiyo anayetumia dawa za hospitali na akataka habasoda, aende na chupa yake kliniki, amweleze daktari waziwazi, na apime sukari mara kwa mara wiki za mwanzo. Mjamzito asizidishe kile kinachotiwa katika mkate kama kiungo. Chupa iwe ya rangi nyeusi, na ihifadhiwe kabatini, mbali na jiko.