Maudhui na Yaliyomo katika Usanifu wa Tovuti

Tangu tovuti ya kwanza ilipotengenezwa na Tim Berners-Lee huko CERN, Geneva, mwaka 1990, kazi hii imezidi kuhitaji istilahi zinazotenganisha dhana zinazokaribiana. Mfasiri wa mkataba baina ya msanifu na mteja hukabiliwa hasa na maneno mawili: maudhui na yaliyomo.

Katika uhakiki wa fasihi, maudhui hutajwa sambamba na fani: kinachosemwa, na jinsi kinavyosemwa. Mgawanyo huo wafaa hapa pia. Maudhui ni maelezo, picha na taarifa zenyewe. Fani yake ni usanifu, yaani mpangilio, rangi na aina ya herufi. Yaliyomo, kama ilivyo katika kitabu, ni orodha ya sehemu tu.

Tofauti hii si ndogo. Mkataba ukisema "msanifu ataandaa yaliyomo", mteja aweza kungojea maandishi kamili, hali msanifu ameahidi orodha tu. Kwa hiyo yafaa mteja aorodheshe kwanza yaliyomo, aamue ni nani atakayeandika maudhui, ndipo alinganishe violezo. Kiolezo hakichaguliki sawasawa kabla ya kujulikana kitakachobeba.