70% ya Bukavu si 70% ya Boston: namna ya kusoma pointi za chuo kikuu

Siku matokeo yanapobandikwa kwenye valve, macho ya mwanafunzi hukimbilia jina lake na neno lililo mbele yake. Poda inarushwa hewani, mzazi anapigiwa simu, na kwa wengi kazi ya kusoma matokeo inaishia hapo. Releve yenyewe, ile karatasi yenye masomo, kredi na pointi juu ya 20, inakunjwa na kuwekwa ndani ya farde.

Mara nyingi inatolewa tena kwa sababu mbili. Mwanafunzi anaambiwa kwamba anabeba deni la kredi ingawa wastani wake ni mzuri, ao anajaza fomu ya burse inayomuuliza: GPA yako ni ngapi? Hapo ndipo anagundua kwamba hakuna aliyemfundisha kusoma karatasi aliyoitolea jasho mwaka mzima.

Wazazi wetu walisoma katika mfumo mwingine. Ilikuwa miaka 3 ya graduat, kutoka G1 hadi G3, kisha miaka 2 ya licence. Mwishoni mwa mwaka pointi zote zilijumlishwa na kutoa asilimia moja: 50% ilikuwa Satisfaction, 70% Distinction, 80% Grande Distinction, na 90% ile kubwa kuliko zote, ambayo watu wengi waliisikia tu kwa habari. Asilimia hiyo moja ndiyo iliyosema kama umepita.

Kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, wakati Muhindo Nzangi alikuwa waziri wa elimu ya juu na ya chuo kikuu, nchi nzima iliingia katika mfumo wa LMD: Licence miaka 3, Master miaka 2, kisha Doctorat. Mfumo huo ulitokea Ulaya, katika makubaliano ya Bologna ya mwaka 1999. Hapo jina moja limeleta vurugu ambayo bado haijaisha: licence ya zamani ilikuwa ya miaka 5, ya sasa ni ya miaka 3. Mwenye kuajiri asiyetazama mwaka wa diploma anaweza kuwapima watu wawili kwa kipimo kisicho sawa, na tayari baba na mtoto wanabishana nyumbani juu ya nani “licencié” wa kweli.

Lakini badiliko kubwa zaidi ni kredi. Semesta moja ina kredi 30, mwaka una 60, na Licence nzima ina 180. Kredi inapima kazi ya mwanafunzi: saa za darasani pamoja na zile anazosoma peke yake, kufanya mazoezi na kuandika kazi. Masomo yanayofanana yanawekwa pamoja katika kikundi kinachoitwa UE, na kila UE ina idadi yake ya kredi. Ukipata wastani wa 10 juu ya 20 ndani ya UE, kredi zake ni zako, hazifutwi tena. Ukikosa 10, unaweza kubaki na deni, hata kama mahali pengine uling’aa.

Tuchukue mfano. Semesta ina UE tano, zenye kredi 8, 7, 6, 5 na 4. Wanafunzi wawili wamepata pointi zilezile: 9, 11, 12, 14 na 16. Ukijumlisha na kugawanya kwa tano, wote wawili wana 12.4. Wangeweza kupongezana na kwenda nyumbani.

Sasa tutazame pointi hizo zilianguka wapi. Wa kwanza alipata 9 katika UE ya kredi 8, 11 katika ile ya 7, 12 katika ya 6, 14 katika ya 5, na 16 katika ile ndogo ya 4. Tunazidisha kila pointi kwa kredi zake: 72, 77, 72, 70 na 64. Jumla ni 355. Tukigawanya kwa 30, tunapata 11.83. Wa pili alifanya kinyume: 16 katika UE ya kredi 8, 14 katika ya 7, 12 katika ya 6, 11 katika ya 5 na 9 katika ya 4. Jumla yake ni 389, na wastani wake 12.97.

Na si wastani peke yake. Kama kanuni za fakilte yao haziruhusu UE moja kufidia nyingine, wa kwanza ana kredi 22 kati ya 30, na anabeba deni la 8. Wa pili ana 26, deni lake ni 4. Anayebeba deni kubwa ndiye anayefika haraka kwenye kikomo ambacho hakimruhusu kupanda mwaka unaofuata. Halafu kurudilia mwaka ni kulipa minerval upya, na chumba pia. Kwa hiyo mwanzoni mwa semesta, kabla ya kununua silabusi ya kwanza, inafaa kuuliza kila UE ina kredi ngapi. Wapo wanaotumia usiku kucha kwa somo la kredi 2 kwa sababu profesa wake ni mkali, huku lile la kredi 8 likisubiri wiki ya mitihani.

Turudi sasa kwa GPA. Ni jina tu linalotisha. Hesabu yake ni ndugu ya ile tuliyofanya hapo juu. Katika vyuo vingi vya Marekani kila somo linapewa herufi, na herufi inageuzwa namba: A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, na F, yaani kuanguka, ni 0. Unazidisha namba kwa kredi za somo, unajumlisha, unagawanya kwa kredi zote. Mwenye A katika somo la kredi 3, B katika lingine la kredi 3, na C katika la kredi 4, ana 12 na 9 na 8, yaani 29. Gawanya kwa 10, GPA yake ni 2.9.

Kosa linalowaumiza vijana wetu linakuja wakati wa kugeuza. Mtu ana 14 juu ya 20, ile ambayo zamani ingekuwa 70% na Distinction. Anachukua kalkuleta: 14 gawanya kwa 20, zidisha kwa 4, anapata 2.8. Anasoma kwamba shule anayoitaka inaomba angalau 3.0 kwa Master, kama zinavyofanya nyingi kule. Anafunga kompyuta. Amejikataa mwenyewe kabla ya mtu yeyote kumkataa.

Hesabu ile si sahihi kwa sababu 70 haina uzito uleule kila mahali. Katika shule nyingi za Marekani, 70% ni C, pointi ya mtu aliyepita kwa shida. Uingereza, 70% inafungua mlango wa daraja la kwanza. Kwetu, tuliorithi mkono mgumu wa Wabelgiji na Wafaransa katika kutoa pointi, 14 ni ya mwanafunzi mzuri, na kuna maprofesa ambao 16 hawaitoi kamwe. Watu wanaofanya kazi ya kulinganisha diploma za nchi mbalimbali, kama World Education Services kwa Marekani na Kanada, wanatazama kipimo cha nchi uliyotoka; hawafanyi ile hesabu ya kalkuleta.

Hata hapa jirani kuna mtego. Makerere, kule Kampala, GPA inahesabiwa juu ya 5, na daraja la kwanza linaanzia 4.40. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pia kinahesabu juu ya 5. Mwenye 3.8 ya Kampala hajamshinda mwenye 3.5 ya Boston. Kila mmoja amepimwa kwa kilo yake.

Kwa hiyo fomu ikiuliza GPA na wewe umesoma Congo, andika pointi zako kama zilivyo, pamoja na kipimo chake: 14/20, ao 70%, Distinction. Fomu ikikataa kitu kingine isipokuwa namba juu ya 4, waandikie wenye kuipokea uwaulize wanavyotaka ugeuze, na utunze jibu lao.

Na releve isiachwe kungoja diploma. Tangu Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025, wanafunzi wengi wamehama, na chuo kinachowapokea kinataka kuona kredi, si maelezo ya mdomo. Kila mwaka unapoisha, pita kwenye aparitora uombe releve yenye muhuri, inayoonyesha kredi za kila UE na kipimo kilichotumika. Isome palepale dirishani, maana jina lililoandikwa vibaya ao UE iliyosahaulika ni rahisi kurekebisha ukiwa umesimama mbele ya aliyeiandika. Kisha ipige picha na uitume kwa barua pepe yako.